Baiskeli Isiyotoka Chumbani: Afuate Ratiba, au Aende Apendavyo?

Mtu apanda baiskeli saa nzima. Akanyaga hata jasho lamtiririka mgongoni na kudondoka sakafuni. Mwisho ashuka, ajipangusa uso, na tazama! Hajafika hata mlangoni. Baiskeli ipo pale pale ilipokuwa asubuhi.

Wapenzi wasomaji, hiki si kichekesho. Kwetu vijijini baiskeli ni punda wa nyumba. Yabeba gunia la mahindi, madumu ya maji, na mgonjwa wa kupelekwa zahanati. Mwenye kwenda mnadani kwa baiskeli na kurudi hana haja ya kuambiwa afanye mazoezi. Lakini wengi wetu tuna ndugu na watoto waliokwenda Ulaya na Marekani kusoma au kufanya kazi. Nao hututumia picha kwa simu, na katika baadhi ya picha hizo twaona watu wamepanda baiskeli sebuleni, wamekazia macho kioo mbele yao. Wazee huuliza, "Jamani, hawa wamepatwa na nini?"

Swali ni la haki, nasi leo twataka kulijibu. Tena ndani ya jambo hili mna ubishi ambao wamgusa kila mtu atakaye kuutia mwili nguvu, awe ndani au nje. Ubishi ni huu: Je, yafaa mtu afuate ratiba iliyopangwa dakika kwa dakika, au aende tu apendavyo moyo wake?

MASHINE YENYEWE

Mashine hiyo si vigumu kuielewa. Gurudumu la nyuma latolewa, na mnyororo wazungushwa kwenye kifaa kizito kilichosimama imara sakafuni. Ndani yake mna gurudumu la chuma, na mfano wa breki ya sumaku iwezayo kulikaza au kulilegeza. Kifaa hupima nguvu ya miguu kwa wati, kipimo kile kile cha balbu za taa. Mtu akikanyaga kwa wati 200, nguvu yake ingetosha kuwasha balbu 3 za zamani za wati 60, na ziada ingebaki.

Kifaa chapeleka habari kwa kompyuta au simu bila waya. Katika kioo huonekana barabara, milima na bahari, na kijitu kidogo chaendesha baiskeli: ndiye mwenyewe. Kijitu kikifika mlimani, kifaa hukaza, na miguu yasikia uzito kama wa mlima wa kweli. Kikiteremka, kifaa hulegea. Na wale wengine aonao barabarani wengi wao ni watu halisi. Mmoja yuko Japani, mwingine Afrika ya Kusini, mwingine Kanada, kila mmoja chumbani kwake, nao wakimbizana kwa njia ya intaneti.

Programu ijulikanayo sana ya namna hii ni Zwift, iliyoanza Marekani mwaka 2014. Ina kisiwa chake cha kubuni kiitwacho Watopia. Si bure: mwaka 2024 ada yake Marekani ilipanda kufika dola 19.99 kwa mwezi, mbali na bei ya kifaa chenyewe.

Kwa nini basi mtu alipe fedha asiende kokote? Sababu zipo. Katika nchi kama Norway, wakati wa baridi barabara hufunikwa na barafu, na mchana ni mfupi mno. Kaskazini kabisa jua halichomozi kwa majuma kadhaa. Tena katika miji mikubwa magari ni mengi, na mwenye baiskeli hurudi nyumbani akishukuru kuwa hai. Halafu mwaka 2020 ulikuja ugonjwa wa Korona. Katika nchi kadhaa za Ulaya watu walikatazwa kutoka nje kwa mazoezi, na hata mabingwa wa baiskeli walifungiwa ndani kama kuku. Ndipo wengi walipoijua baiskeli isiyotoka chumbani.

MKONO ULIOVUNJIKA

Asije mtu akadhani huu ni mchezo wa watoto. Nchini Ufaransa kila mwaka hufanyika mashindano ya baiskeli yaitwayo Paris-Roubaix. Urefu wake wapita kilometa 250, na zaidi ya kilometa 50 kati ya hizo ni njia za mawe yaliyopangwa, makongwe na yenye kurusha. Waendeshaji huanguka, magurudumu hupasuka, mikono hufa ganzi.

Mathew Hayman, Mwaustralia, aliyapenda mashindano hayo kuliko yote, lakini hakuwa ameyashinda hata mara moja. Mwaka 2016 alikuwa na miaka 37, umri ambao wenzake wengi wamekwisha kustaafu. Mwezi wa Februari mwaka huo, katika mashindano mengine huko Ubelgiji, alianguka akavunjika mkono. Zilibaki wiki 6 tu. Watu walisema, basi, mwaka huu amekwisha.

Hayman hakukubali. Aliifunga baiskeli yake nyumbani, mkono ukiwa mgonjwa, akaanza kukanyaga mbele ya kioo cha Zwift. Alifuata mazoezi yaliyopangwa, wala hakuacha kupanda siku kwa siku huku mfupa ukiunga. Tarehe 10 Aprili alisimama kwenye mstari wa kuanzia, mara yake ya 15. Jioni waliingia watu 5 katika uwanja wa Roubaix, mmoja wao Tom Boonen wa Ubelgiji, aliyekwisha kushinda mara 4 na kutafuta ya 5. Hayman akawatangulia wote. Uso wake mwenyewe ulionyesha kwamba haamini.

Basi chombo chaweza kufanya kazi. Lakini chombo ni chombo tu. Jembe halilimi lenyewe. Latazamia mkono na akili ya mwenye kulishika. Tuangalie njia mbili za kukitumia.

NJIA YA RATIBA

Tuseme kuna binti yetu aliyeko Oslo, muuguzi wa hospitali. Kazi yake ni ya zamu, nyingine za usiku. Miaka michache ya kukaa ndani wakati wa baridi imemwongezea uzito, naye apanda ngazi akihema. Daktari amemshauri ajitahidi kwa mazoezi. Kwa juma apata nafasi 3 tu za dakika 45 hivi. Amenunua kifaa. Afanyeje?

Akichagua ratiba, kwanza hupimwa. Kipimo cha kawaida ni kukanyaga kwa nguvu zake zote dakika 20, kisha kupunguza 5 katika kila 100 ya wati alizopata. Kilichobaki ni makisio ya nguvu ambayo angeweza kuishika muda wa saa nzima. Akipata wati 210 kwa dakika 20, makisio yake ni karibu wati 200. Kutoka hapo kila zoezi hukatwa kama nguo kwa vipimo vya mwili wake mwenyewe, wala si vya jirani.

Zoezi moja laweza kuwa hivi: dakika 10 za kupasha mwili moto kwa wati 100; kisha dakika 4 za nguvu kwa wati 220, na dakika 3 za kupumua kwa wati 100; arudie mpaka zitimie zile za nguvu mara 4; mwisho dakika 10 za kupoa. Jumla ni dakika 45 kamili. Hakuna dakika iliyopotea.

Uzuri wa njia hii ni huo. Mtu mwenye muda mchache ajua alichokuja kufanya, akifanya, na kushuka. Baada ya majuma 6 hupimwa tena, na hesabu humwambia kweli bila kumpendelea.

Lakini ina miiba yake. Kwanza, yachosha moyo. Kukodolea namba siku baada ya siku ni kama kuhesabu punje za mtama. Pili, katika mazoezi haya kifaa mara nyingi huamriwa kushika wati zile zile hata iweje. Mtu akichoka na kukanyaga polepole, kifaa hukaza zaidi ili hesabu itimie. Akipunguza tena, chakaza tena, mpaka miguu yasimama kabisa kama ng'ombe aliyekwama matopeni. Tatu, ratiba haijui kwamba jana binti yetu alikesha wodini. Mtu akiitii ratiba kama mtumwa, atajiumiza.

NJIA YA MWENDO HURU

Njia ya pili ni kupanda na kwenda. Leo achagua barabara ya pwani, kesho mlima. Akiona kundi lapita, ajiunga nalo. Kuna mwenzake wa shuleni aliye nchi nyingine. Wapatana saa, wakutana Watopia, waendesha pamoja wakizungumza kwa simu. Dakika 45 zapita kama 10.

Jambo hili si dogo. Mazoezi bora kupita yote ni yale ambayo mtu hatayaacha. Ratiba nzuri iliyotupwa baada ya majuma 3 haimfai kitu; mwendo wa furaha unaodumu miaka 3 wamponya. Mkaaji wa ugenini, ambaye usiku wa baridi ni mrefu na nyumba ni kimya, apata wenzi.

Lakini hapa nako pana shimo. Programu hizi zimetengenezwa kuvutia. Kuna alama za kukusanya, kofia na baiskeli za kubuni za kushinda, na majina ya waliotangulia yameandikwa pembeni. Mtu asema, "Leo nitakwenda taratibu." Mara apitwa na mtu. Damu yachemka. Amfuata. Mlimani amwona mwingine. Akija kushuka, amekwisha kushindana saa nzima bila kukusudia. Kesho tena hivyo hivyo.

Wengine hufika mahali pa aibu. Mwaka 2019 kijana mmoja Mwingereza alinyang'anywa ubingwa wa taifa wa baiskeli za namna hii. Ilijulikana kwamba alikuwa ametumia programu ya kompyuta kukanyaga badala yake, ili apate baiskeli ya kubuni yenye kasi, ambayo hutolewa kwa yule aliyepanda milima jumla ya mita 50,000. Alifungiwa miezi 6 na kutozwa faini. Wako pia wanaodanganya uzito wao wa mwili, kwa maana aliye mwepesi hupanda mlima upesi kwa wati zile zile. Kwa hiyo katika mashindano makubwa mtu hudaiwa ajipime mbele ya kamera. Mtu ajidanganya nafsi yake chumbani mwake, naye ndiye mwenye kulipa ada!

UBISHI WA TANGU ZAMANI

Ubishi huu haukuletwa na kompyuta. Mwaka 1952, katika michezo ya Olimpiki ya Helsinki, Emil Zátopek wa Chekoslovakia alishinda mbio za mita 5,000, za mita 10,000 na za marathoni, na hiyo marathoni ilikuwa yake ya kwanza. Mazoezi yake yalikuwa ya hesabu kali: mita 400 kwa kasi, kisha kupumzika kwa kukimbia polepole, kisha mita 400 tena, mara nyingi mno katika siku moja. Huyo alikuwa mtu wa ratiba.

Lakini Sweden, katika miaka ya 1930, mwalimu Gösta Holmér alifundisha namna nyingine, iliyoitwa fartlek, maana yake mchezo wa mwendo. Mkimbiaji huenda njia za misituni, akikaza mpaka mti ule, akilegeza mpaka mto ule, kama mwili wake unavyomwambia. Msweden Gunder Hägg, aliyezoea kukimbia misituni na katika theluji, aliweka mwaka 1945 rekodi ya maili moja, dakika 4 na sekunde 1.4, nayo haikuvunjwa mpaka mwaka 1954.

Nani basi alikuwa na haki? Tazameni jirani zetu wa Kenya. Eliud Kipchoge, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mwaka 2016 na tena 2021, kwa miaka mingi alifanya mazoezi Kaptagat pamoja na wenzake. Walikuwa na siku ya uwanjani kwa saa mkononi, siku ya mbio ndefu, na siku ya fartlek. Siku zilizobaki walikimbia taratibu, wakianza pole pole sana, hata mgeni angeweza kuwafuata kitambo. Hawakuchagua njia moja na kuitupa nyingine. Kila moja waliipa siku yake.

WATAALAMU WAMEONA NINI

Huko Norway kwenyewe wataalamu wameyachunguza mambo haya. Katika mji wa Trondheim walichukua wanafunzi vijana 40, wakawagawa makundi 4. Wote walikimbia mara 3 kwa juma kwa majuma 8, na jumla ya kazi ilikuwa sawa. Wengine walikwenda polepole kwa muda mrefu; wengine kwa vipindi vya nguvu. Habari zao zilitangazwa mwaka 2007. Waliofanya vipindi 4 vya dakika 4 kwa nguvu waliongeza uwezo wa mwili kutumia oksijeni kwa karibu 7 katika 100. Waliokwenda kwa mwendo wa sawasawa hawakupata ongezeko la maana. Basi, kwa mwenye muda mchache, ratiba ya vipindi ina faida ya kweli.

Lakini ngoja. Mtaalamu mwingine, Stephen Seiler, Mmarekani aliyehamia Norway, alichunguza jinsi mabingwa wenyewe wanavyofanya: wapiga makasia, waendesha baiskeli, wakimbiaji, na watelezao kwenye theluji. Aliona kwamba katika kila mazoezi 10, karibu 8 ni ya polepole, ya mtu awezaye kuzungumza bila kukatika pumzi. Mawili tu ndiyo ya nguvu, na hayo ni ya nguvu kweli kweli.

Hapo ndipo ulipo mtego. Mwenye mwendo huru asiyejitawala haendi polepole hata akapumzika, wala haendi kwa nguvu hata akajengeka. Kila siku yake ni vuguvugu. Achoka, lakini hasongi mbele. Baada ya miezi 3 asema kifaa hakifai. Kumbe kosa si la kifaa, wala si la uhuru. Kosa ni kupanda bila kujua leo ni siku gani.

BASI AFANYEJE?

Kama binti yetu angetuandikia kuuliza, tungemjibu hivi:

Jumanne, fanya zoezi la ratiba, lile la dakika 4 mara 4. Alhamisi, kwenda polepole tu, huku ukiweza kusema sentensi nzima. Ukiona kundi lapita, liache lipite. Jumamosi, kutana na rafiki yako Watopia, mcheke, mpande mlima mkitaka. Ukiwa umetoka zamu ya usiku, zoezi la nguvu liache, lala kwanza. Kila juma la 4 punguza, ili mwili upate nafasi ya kujenga. Nguvu haiongezeki wakati wa kukanyaga. Huongezeka wakati wa kupumzika, kama vile shamba linywavyo mvua usiku.

Weka feni mbele yako na chupa ya maji karibu. Katika nguvu yote ambayo mwili watumia, robo tu hivi au pungufu ndiyo hufika kwenye pedali. Iliyobaki hugeuka joto. Nje upepo huliondoa joto hilo. Chumbani hakuna upepo. Kila baada ya dakika chache inuka kidogo kitini, kwa sababu baiskeli iliyofungwa haikuyumbishi, na damu huziba pale ulipokalia. Kifaa kikikaza mpaka miguu kusimama, kiache, vuta pumzi, anza upya. Ukisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, shuka mara moja, umwone daktari.

Na theluji ikiyeyuka, toka nje. Baiskeli ya chumbani hutia nguvu miguuni, lakini haimfundishi mtu kukata kona, kufunga breki kwenye mchanga, wala kumkwepa mbuzi barabarani.

NA SISI JE?

Mambo haya si ya Wazungu peke yao. Tarehe 9 Desemba 2020 yalifanyika mashindano ya kwanza ya dunia ya baiskeli za namna hii, na mshindi wa wanawake alikuwa Mwafrika, Ashleigh Moolman-Pasio wa Afrika ya Kusini. Upande wa wanaume alishinda Jason Osborne wa Ujerumani, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kupiga makasia, hata mwaka 2021 akapata nishani ya fedha katika Olimpiki ya Tokyo.

Sisi tulio wengi hatuna kifaa hicho, wala hatukihitaji. Lakini somo lake ni letu pia. Kijana anayejiandaa kwa mashindano ya baiskeli ya tarafa, akikimbizana na kila lori kila siku, atafika siku yenyewe amekwisha choka. Afadhali achague siku mbili za kukaza, siku nyingine aende mwendo wa kubeba maji, na siku moja akae. Mzazi aliyeambiwa na mganga wa zahanati atembee kwa ajili ya moyo au sukari, asiamke siku ya kwanza na kutaka kufika wilayani kwa miguu. Aanze kwa kipimo, naye aongeze kidogo kidogo. Lakini kila juma ajipe na safari moja ya kupenda, ya kumtembelea rafiki, isiyo na hesabu.

Na picha ile ikija tena kwenye simu, mwanao akitoka jasho katika chumba kisicho na njia, usimcheke. Muulize tu, "Leo ni siku ya nguvu, au siku ya polepole?" Akiweza kukujibu mara moja, ujue mambo yake yamenyooka.